Inavuja Ikizimwa

Nyumbani kwa shangazi yangu kuna maneno mawili yaliyopigwa marufuku: "gesi imeisha." Hata mtungi wa jikoni ukizima chakula kikiwa nusu, inabidi useme "mtungi mtupu," la sivyo utakula kibichi. Nilidhani ni vituko tu vya watu wazima, mpaka nilipoanza kuuliza. Na mimi nikianza kuuliza, mama yangu anasema, hata ukuta hujibu ili upumzike.

Shangazi ni fundi wa viyoyozi. Mtaani wanamwita Mama Barafu. Zamani alikuwa mfagiaji kwenye jengo la ofisi, na kila fundi alipopanda ngazi kufungua mashine, yeye alifagia palepale, polepole, mpaka sakafu ikang'aa na yeye akajua kila kitu kinakaa wapi. Alipofika miaka thelathini na miwili akajiandikisha chuo cha ufundi. Siku ya kwanza kijana mmoja akamwambia, "Mama, jikoni ni jengo la pili."

"Najua, nimeshakula," shangazi akamjibu. "Sogea nikae."

Kwetu joto si mchezo. Shati unalivaa kavu, ukifika mlangoni limeshakuganda mgongoni. Ukisahau viatu kabatini wiki mbili, unavikuta vimeota ukungu kama ndevu. Kwa hiyo fundi wa viyoyozi hapati nafasi ya kuzembea. Ndiyo maana kisa cha Mzee Saa kilimuuma sana.

Mimi sikuwepo. Nimemhoji shangazi, nikamhoji Mzee Saa, nikamhoji na mkewe ambaye sote tunamwita Bibi. Kila mmoja alijisifu kidogo, nami nimepunguza.

Mzee Saa ametengeneza saa za watu maisha yake yote, sasa amestaafu. Bibi alikuwa amerudi kutoka hospitali baada ya kupasuliwa mgongo. Daktari alisema alale chali wiki sita, na kidonda kisilowe, hata kwa jasho. Basi kiyoyozi cha chumbani, kilichofungwa juu ya kitanda, kikachagua wakati huohuo kuanza kudondosha maji.

"Mashine inavuja," Mzee Saa alipiga simu.

Mara nyingi maji yakidondoka ndani, kosa ni mpira wa kutolea maji umeziba. Shangazi akauzibua, akaondoka. Baada ya wiki, simu tena. Akauzibua tena, safari hii akapima na gesi, akaikuta imepungua. Hapo ndipo alipotamka yale maneno: "Gesi imeisha. Naongeza."

Mzee Saa akacheka kutoka kwenye kiti chake. "Mimi saa ikisimama sikuwahi kuiongezea dakika."

Shangazi naye akacheka. Siku kumi baadaye maji yalimdondokea Bibi begani, yakateremka hadi kwenye bandeji.

Mtoto wao wa kwanza akasema basi, imetosha. Akanunua mashine mpya, akapanga na mafundi wengine waje Jumamosi saa nne asubuhi. Kazi ingechukua siku mbili, na Bibi angebebwa hadi sebuleni kwenye joto. Siku aliyotoka hospitali, kumshusha tu kwenye gari alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Shangazi aliposikia, hakulia wala hakulalamika. Alijiuliza jambo moja: hiyo mpya itafungwa kwenye mabomba gani? Yaleyale yaliyomo ukutani. Kama tundu liko kwenye bomba, Bibi atabebwa bure, na atalowa tena.

Jumamosi saa moja asubuhi akabisha hodi.

"Mama Barafu! Umekuja kuiaga mashine?"

"Nimekuja kuitafuta aibu yangu, mzee. Nipe mpaka saa nne."

Akapaka povu la sabuni kwenye kila nati, ndani na nje. Penye tundu, gesi hulipuliza povu likavimba. Halikuvimba popote. Saa tatu ikafika. Akakaa sakafuni, jasho linamchuruzika, brashi mkononi.

"Mwanangu," Bibi akasema kutoka kitandani, "mbona mimi hamniulizi?"

"Nikuulize nini, mama?"

"Mnasema inavuja, inavuja. Haivuji ikiwaka. Inavuja ikizimwa."

Shangazi akaiweka brashi chini. Gesi ikipungua, mashine huganda barafu kwa ndani. Ukiizima, barafu yote inayeyuka kwa pamoja na maji yanafurika. Kumbe yeye alikuwa anahangaika na maji, na ugonjwa uko kwenye gesi. Nayo gesi haiishi, jamani! Imefungiwa humo. Ikipungua, imetoroka.

"Ilianza lini hasa?"

"Wiki ileile mume wangu aliponitundikia saa, nijue muda wa dawa."

Wote wakaitazama saa. Chini yake ukutani palikuwa na doa la mafuta, refu kama chozi.

"Mzee," shangazi akauliza taratibu, "saa yako inavuja mafuta?"

Mzee Saa akasimama wima. "Saa yangu mimi? Miaka arobaini nimeshika bisibisi, leo saa yangu ivuje?"

"Basi hayo si mafuta ya saa."

Ndani ya bomba gesi hutembea na mafuta. Penye tundu vinatoka vyote viwili. Shangazi akaishusha saa, akapaka povu kwenye msumari ulioishikilia. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Inapumua," Bibi akasema.

Mzee akakaa ukingoni mwa kitanda. "Msumari wangu."

"Wako, mzee. Lakini mimi nimekuja mara mbili, na hiyo saa nimeitazama kuona nimechelewa kiasi gani tu."

Hapo mtoto wao akaingia na boksi na mafundi wawili. "Mama Barafu, si tulishamalizana?"

"Njoo uone povu hili. Ukiifunga hiyo mpya kwenye bomba hili, baada ya wiki mbili utamfunika mama yako nailoni."

Mtoto wao akawageukia mafundi. Mmoja akainama, akatazama, akaweka drili chini. "Dada, nikushikie tochi?"

Wakakisukuma kitanda taratibu hadi upande wa pili, Bibi akiwa juu yake. Shangazi akaifungia gesi iliyobaki kwenye mashine ya nje, akachimbua plasta, akakata palipotoboka, akaunga kipande kipya kwa moto. Kisha akalijaza bomba hewa kavu na kufunga geji ya kupimia presha. Mzee Saa alipakata saa yake akihesabu nusu saa. Mshale wa geji haukutikisika, basi akaitoa hewa, akairudisha gesi na kujazia iliyotoroka.

Mashine ikawashwa mchana kutwa. Alasiri Bibi akaagiza kitanda kirudishwe mahali pake. "Sasa zimeni." Akanyoosha kiganja juu. Mzee anasema walisubiri dakika arobaini, shangazi anasema hamsini. Bibi anasema mkono ulimuuma lakini hakuushusha, nao ulibaki mkavu.

Juzi nilikwenda kukiona chumba. Bibi anakaa mwenyewe sasa, saa iko juu ya stuli, boksi la mashine mpya halijafunguliwa. Nilikuwa na maswali kumi na moja. Bibi akanipa rimoti.

"Zima," akasema. "Halafu weka mkono."