Dokta Aliyetaja Kinamasi Chetu

Wifi yangu Gudveig amezalisha nusu ya watu wa mji huu. Ni mkunga katika hospitali yetu ndogo juu ya gati, tangu enzi zile akienda kazini kwa baiskeli mpaka leo magoti yanapomsumbua. Hakuna aliyewahi kumpa nyumba, wala aliyemwekea hata samaki mmoja mlangoni ili asiondoke. Walijua haendi popote.

Nayasema haya mapema ili mtu asidhani ana roho mbaya. Wivu alikuwa nao, tena wa kutosha, lakini haukutoka hewani.

Madaktari wetu walikuwa wa kuja na kuondoka. Huyu anatoka Denmark, yule Ujerumani. Akishajua choo kiko upande gani, anapanda ndege anakwenda zake. Mwisho wakubwa wa mkoa wakatuambia wazi: tukipata daktari wa uzazi wa kudumu kabla ya baridi, wodi ya wazazi inabaki. Tusipompata inafungwa, na kina mama watakwenda kujifungulia mji mkubwa kwa boti, bahari ikikubali. Wakati huo tulikuwa naye mmoja wa majaribio, Dokta Femke, Mholanzi mrefu mwenye kicheko cha kusikika mpaka maegesho ya magari.

Basi mji mzima ukaanza kumposa. Nasema kumposa kwa sababu sioni neno jingine. Alipewa nyumba yenye madirisha ya kutazama bahari. Wavuvi walimletea chewa. Kwaya ilimwomba ajiunge, na mwanamke wa watu hajui kuimba. Hata mimi ninayepika jikoni mwa hospitali, keki za Ijumaa nikizipaka jamu, yake naipaka mara mbili.

"Na mimi je, sina ulimi?" Gudveig aliniuliza, macho kwenye sahani ya dokta.

"Wewe, wifi, huondoki."

"Hapo ndipo nilipokosea. Ningefungasha mizigo kila Krismasi, na mimi mngenilisha jamu."

Kilichomuuma zaidi kilikuwa binti yake. Ingvild ni daktari vilevile, yuko Oslo kwenye hospitali kubwa, na mama yake alikuwa amemwekea nafasi hii moyoni. Kila Femke alipopita kwenye korido na koti lake jeupe, Gudveig alimwona mgeni amekalia kiti cha mwanawe.

Halafu akaingia mume wangu Oddvar, kaka yake Gudveig, mtu wa moyo mwema na akili iliyo likizo. Ilikuwa Agosti, multe zimeiva. Multe ni tunda dogo la manjano la kinamasini, na hapa kwetu mtu atakupa ufunguo wa nyumba yake kabla hajakuonyesha anapozichumia. Ardhi ni ya wote, mahali ni siri ya ukoo. Ukiulizwa umezitoa wapi, unajibu "kule juu", na aliyeuliza anaridhika, maana naye angejibu hivyohivyo. Kinamasi cha ukoo wa mume wangu kiliachwa na mama yao. Oddvar akampeleka dokta.

"Mtu akichuma kwa mkono wake mwenyewe, anabaki," aliniambia.

"Umemwambia dada yako?"

"Nina wazimu?"

Jumatatu dokta akaja na bakuli kwenye chumba cha kahawa, akatupakulia wote na krimu juu. Torleif, dereva wa ambulensi, akauliza kwa mazoea tu, "Umezitoa wapi, dokta?"

"Nyuma ya ziwa," akasema Femke, uso umejaa furaha. "Mnafuata kijito mpaka kwenye jiwe lililopasuka, halafu kushoto. Ziko tele. Nendeni wote."

Gudveig alikuwa na kijiko mdomoni, kikabaki hukohuko. Torleif hakumaliza kahawa yake. Jioni ile pale kinamasini palikuwa na watu kama siku ya sikukuu ya taifa, kila mmoja na ndoo yake na hakuna anayemsalimu mwenzake.

Gudveig alikuja kwetu bila kuvua buti.

"Kinamasi cha mama, Oddvar."

"Ilikuwa kwa ajili ya wodi, dada."

"Nilikuwa namwekea Ingvild."

"Ingvild hajachuma hata tunda moja tangu aende chuo."

"Ndiyo maana nilikuwa namwekea," akasema, akatoka.

Kuanzia hapo hakumsemesha dokta ila kikazi. Mapigo ya mtoto yako sawa, mama apewe maji, basi. Na kwa kuwa wote tunamheshimu Gudveig, na wengine nao wakapoa. Sisi hatugombezi mtu, tunamnyamazia, na mgeni hawezi kujua ananyamaziwa kwa lipi. Siku moja Femke akaja jikoni, akaketi juu ya kreti la viazi.

"Jorunn, nimekosa nini? Naletewa samaki mlangoni, lakini hakuna anayenitazama usoni. Mkurugenzi anataka jibu mwezi huu. Nadhani nitarudi kwetu."

Nikamweleza. Uso ukamwiva mpaka masikio.

Nikaenda moja kwa moja kwa wifi yangu. "Anaondoka."

"Aende."

"Na wodi?"

Alichukua simu, akampigia Ingvild mbele yangu.

"Mwanangu, nafasi hapa ikibaki wazi, utakuja?"

"Mama, tumeshalizungumza hili."

"Hata mwaka mmoja?"

"Maisha yangu yako huku. Usiningoje, mama."

Akaweka simu chini, akachukua kitambaa na kuifuta meza iliyokuwa safi. Nikaona bora niondoke.

Jumamosi nililiona gari la Gudveig likipita, dokta kando yake, ndoo mbili kiti cha nyuma. Hawakwenda njia ya ziwa. Walipinda upande wa mlimani, kusiko na kinamasi ninachokijua mimi wala Oddvar.

Jumatatu Femke akaja tena na bakuli. Multe zenyewe zilikuwa kubwa kuliko zozote zilizowahi kutoka kwetu. Torleif akameza mate.

"Umezitoa wapi, dokta?"

Femke alitazama kikombe chake kwanza. "Kule juu," akasema.

Torleif akaangua kicheko, na sisi sote tukamfuata. Mtu akamvutia dokta kiti. Mkurugenzi alipata jibu lake kabla ya chakula cha mchana: anabaki. Gudveig akammiminia kahawa, kisha akaingia chumba cha mashuka. Nilipomfuata nilimkuta analia.

"Wifi, si amebaki? Wodi imepona."

"Najua. Amejibu vilevile ambavyo Ingvild angejibu."

Nikampa taulo ajifute. Nilimhurumia kweli, Mungu anajua. Lakini nimezeeka katika ukoo huu, nimewazalia, nimewapikia, na nimeonyeshwa kinamasi kimoja tu, hicho ambacho sasa ni uwanja wa Torleif. Mholanzi wa juzi keshaonyeshwa cha pili. Nilijizuia, ikashindikana.

"Kwani kiko wapi hicho kingine?"

Gudveig alipenga kamasi, akanitazama usoni.

"Kule juu," akasema.