Mke Wangu Alipokatazwa Jua

Mke wangu alikuwa mkulima. Naanza na hilo kwa sababu wengi waliomfahamu hapa Mkuza, Kibaha, miaka yake ya mwisho walimjua kama mwanamke wa ndani, anayefunga mapazia mchana kutwa na kutoka jua likishazama. Hawakumjua alivyokuwa. Tulipooana mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yeye alikuwa na shamba la mihogo na mananasi kwa mama yake, kijiji cha Marui, upande wa Kisarawe, na ndoa haikumfanya aliache. Ijumaa alasiri alikuwa akifunga kibegi chake na kusema, "Mwalimu, mboga ziko jikoni, mimi naenda kwetu." Aliniita mwalimu hata tukiwa wawili chumbani. Jumapili alirudi na kiroba cha mihogo, amechoka, ana vumbi hadi kwenye nyusi, na ana hadithi za huko za kutosha wiki nzima.

Ugonjwa ulianza kwenye vidole. Asubuhi vilikuwa vimekakamaa, hawezi kukamua nguo wala kufungua kifuniko cha sufuria. Kisha zikaja homa. Kila akirudi shambani, siku ya pili yake alikuwa kitandani, na mashavu yamemtoka upele mwekundu uliovuka hadi juu ya pua. Tulitibu malaria. Tulitibu taifodi. Mama mkwe alituma dawa ya mizizi, nayo akanywa. Mwishowe hospitali ya mkoa ikatupa rufaa ya Dar es Salaam, na huko, baada ya vipimo vingi, daktari akatuambia ni lupus. Alitueleza taratibu, kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na magonjwa, inaushambulia mwili wenyewe.

"Na mama," alisema, "kuanzia sasa jua ulikwepe. Jua ndilo linaloamsha huu ugonjwa."

"Daktari, mimi nalima."

"Itabidi utafute mtu wa kukulimia."

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaniambia, "Angenikataza chumvi ningemwelewa."

Hakuacha shamba mara moja. Alinunua mwavuli mkubwa mweusi, akavaa baibui juu ya nguo za shamba na soksi za mikono, na mimi nikamsindikiza Marui. Mama yake alikuwa anapalilia. Alipotuona alisimamisha jembe.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba baba." Kisha akamgeukia bintiye. "Mwanangu, ndiyo nini hiyo? Unakuja kulima na mwavuli kama bibi harusi?"

Mke wangu alicheka, lakini niliona limemchoma. Alijaribu kulima kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika mwavuli. Nikamwambia alete mwavuli nimshikie. Tukaenda hivyo, yeye anapalilia na mimi namfuata na kivuli, tuta moja, tuta la pili, hadi akachoka mwenyewe akasema basi. Mama mkwe alitugeuzia mgongo akaendelea kupalilia. Nadhani alikuwa na hasira. Alimlea mtoto wake juani, na yeye mwenyewe amezeekea juani, na sasa anaambiwa jua lina sumu. Tulipokuwa tunaondoka alinivuta pembeni akaniuliza kama hospitali zetu hazitibu tena watu ila zinawatisha tu.

Homa ilirudi siku ya pili yake, mbaya kuliko zote. Baada ya hapo hakwenda tena shambani. Shamba likalimwa na kaka yake.

Hapa Mkuza maneno yalikuwa ya namna nyingine. Vidonge alivyopewa hospitali vilimvimbisha uso, na upele ulipopona uliacha mabaka, meusi huku na meupe kule. Mwanamke mwenye uso wa namna hiyo, asiyetoka mchana, akitoka anajifunika gubigubi, watu walishajua tatizo lake. Siku moja alirudi mapema kutoka kwenye shughuli ya mtaani, akakaa jikoni bila kuvua ushungi.

"Wanasema najichubua," aliniambia. "Eti mkorogo umenikataa. Mke wa mwalimu, mtu mzima, ana binti chuoni, bado anataka weupe."

"Ungewaeleza."

"Niwaeleze nini, mwalimu? Jina lenyewe la ugonjwa siwezi kulisema wakaelewa."

Hakwenda tena kwenye shughuli. Nyumba yetu ilikuwa na madirisha makubwa, nilijenga hivyo kwa makusudi, napenda mwanga. Alishona mapazia mazito ya khaki, na mchana tukawa tunawasha taa.

Ugonjwa ulitulia. Lazima niseme ukweli huo, vidonge na kivuli vilimsaidia; homa zilipungua, vidole vikakunjika. Tulishukuru. Ndipo yakaanza maumivu mengine, na sisi tukadhani ni yaleyale. Alisema mifupa inamuuma, si viungo, mifupa yenyewe, ukimgusa tu kwenye ugoko anaruka. Akikohoa, mbavu zinamchoma. Mapaja yakaisha nguvu. Alikuwa akikaa kwenye kigoda kuchambua mchicha, akitaka kuinuka anashika ukuta, anashindwa, ananiita. Akitembea anayumba upande huu na ule. Binti yetu alipokuja likizo alimwona mama yake akienda bafuni, akageuka kunitazama, machozi yakimlenga.

Nilimpeleka hospitali hapahapa Kibaha. Daktari alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Hakuanza na karatasi. Alimwambia mke wangu ainuke kwenye kiti bila kushika chochote. Mke wangu alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena.

"Mama, unatoka nje mchana?"

"Sitoki. Nimekatazwa."

"Tangu lini?"

Mke wangu alinitazama nimjibie, nami nikajibu kwamba ni miaka sasa.

Damu ikachukuliwa, ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu yaliporudi yule daktari alituita, akasema vitamini D ya mke wangu imeshuka mno. Alieleza kwamba mwili wenyewe huitengeneza ngozi ikipigwa na jua, na bila hiyo mwili hauwezi kushika chokaa, yaani kalsiamu, kutoka kwenye chakula, kwa hiyo mifupa inalainika, misuli inalegea. Ugonjwa wenyewe unachangia, na vile vidonge vya kutuliza uvimbe navyo, vikitumiwa muda mrefu, vinaila mifupa.

"Lakini daktari," nilisema, "huku pwani? Jua lote hili?"

"Jua liko nje, mwalimu. Yeye yuko ndani."

Mke wangu alikuwa anaikunja pembe ya kanga. Kisha akauliza, "Sasa mimi nifanyeje? Nikitoka naugua, nikikaa ndani naugua."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimwambia atabaki kivulini kama alivyo, ila vitamini ataipata kwa vidonge, pamoja na chokaa, na ale mayai na dagaa. "Mifupa itarudi nguvu," alisema. "Hili tunaliweza."

Lilikuwa jambo la kwanza kwa muda mrefu ambalo mtu alituambia analiweza. Na kweli, lilifanyika. Si haraka, lakini mwezi baada ya mwezi maumivu yalipungua, na asubuhi moja nilimsikia jikoni akiniita kwa sauti kubwa. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amesimama kando ya kigoda.

"Nimeinuka mwenyewe," alisema. "Kaa uone." Akakaa, akainuka tena. Akafanya hivyo hadi nikamwomba aache.

Hiyo ndiyo furaha yetu ya mwisho kubwa. Msimu uliofuata miguu ilianza kuvimba, kisha uso, na mkojo ukawa na povu. Ule ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye figo wakati sisi tunahangaika na mifupa. Tulirudi Dar es Salaam. Alisafishwa damu, akabadilishiwa dawa, akapata nafuu, akazidiwa. Siku za mwisho alilalamika sana. Kila sehemu ya mwili ilikuwa na maumivu yake, na sindano za kutuliza maumivu hazikumfikisha mbali. Alinishika mkono akasema, "Mwalimu, waambie waongeze," na wauguzi wakasema wameshatoa kiasi kinachoruhusiwa. Alifariki alasiri, binti yetu akiwa ametoka kununua maji.

Tulimzika Marui. Wanaume wa kijiji walichimba, na kazi haikuwa rahisi, ardhi ilikuwa kavu. Mama mkwe hakulia mbele za watu. Aliketi na wanawake ndani, akiuliza kila anayeingia kama ameshakula.

Siku hizi naenda kumwona shule zikifungwa. Namkuta barazani kwake au shambani, bado analima, mgongo umepinda. Tunaongea habari za mvua na korosho. Kisha, kila safari, ananiambia, "Mwalimu, wewe umesoma, nieleze tena." Namweleza tena. Lupus, jua, mifupa, vidonge, figo. Anasikiliza kama anasikia mara ya kwanza, anatikisa kichwa. Nikimaliza anapangusa mikono yake kwenye kanga, ndipo ananiuliza anachotaka kujua hasa.

"Aliumia sana, baba, siku ile?"

"Hapana, mama," namwambia. "Alilala tu."

"Alhamdulillahi," anasema, na kuingia ndani kuniwekea chakula.