Kioo cha Mpiga Kinanda

Majuzi nilimsindikiza dada yangu Guangzhou kununua mikoba. Mvua ilipotukuta tukakimbilia kanisani, na humo mwanamke mmoja alikuwa akipiga sonata kwenye kinanda, kijana wa fidla akiwa nyuma yake. Juu ya kinanda palikuwa na kioo kidogo.

Mama alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu Moshi. Mchana mmoja, nikiwa na miaka minane, nilijificha kwenye benchi la nyuma lenye harufu ya nta, nikimpeleleza. Mwalimu mgeni alipiga fidla kwa sauti ya kulalamika, na kinanda cha mama kikambembeleza. Mama alimpa mgongo, lakini macho yake yalikuwa kiooni, yakimtazama. Nikajua baba anaachwa.

Walipotoka kunywa chai, nilipanda kiti nikakigeuza kioo kitazame ukuta. Waliporudi, kila mmoja alianza kwa wakati wake.

"Nani kagusa kioo changu?" mama aliuliza.

"Mimi! Na baba nitamwambia!"

Mwalimu alicheka hadi akaishusha fidla. "Sasa mwanangu, bila kioo mama yako atajuaje ninapoanza?"

Mama hakucheka.

Nilimsimulia dada pale kanisani. "Kaka, na usomi wako wote," alisema, "bado unampeleleza mama?"

Nilikana. Lakini yule mwanamke wa Guangzhou nilimchunguza sonata nzima, na hakutabasamu kiooni hata mara moja. Mama alikuwa akitabasamu.