Maandishi Makubwa kwa Mujibu wa Sheria

Nilizaliwa Dirma na ualbino, katika boma la wafugaji. Ng'ombe wa baba niliwajua kwa mlio na kwa mwendo, lakini ubao wa darasani kwangu ulikuwa ukuta mweusi wenye vumbi jeupe. Nilipoomba kusomea mifugo katika chuo kimoja kule Mbulu, nilijibiwa kwa upole kwamba chuo hakina mazingira ya watu kama mimi. Mimi sikuwa nimeomba mazingira. Nilikuwa nimeomba nafasi.

Baadaye mambo ya sheria yakabadilika. Chuo hakikuruhusiwa tena kumkataa mtu kwa ulemavu wake, na kilitakiwa kumrahisishia masomo na mitihani. Nikaomba tena. Safari hii mkuu wa chuo alinipokea mwenyewe getini, akanishika mkono na kukataa kuuachia mpaka apatikane mtu wa kutupiga picha.

Sheria ilianza kunihudumia siku hiyohiyo. Nilipewa meza ya mbele, iliyobandikwa karatasi yenye neno MLEMAVU kwa herufi nene. Yalikuwa maandishi pekee darasani niliyoyasoma bila shida. Meza yenyewe ilikuwa dirishani, jua la asubuhi likinipiga usoni, kwa hiyo hata mwalimu nilimwona kama kivuli kinachozungumza. Nilipoomba kuhamia upande wa pili, niliambiwa hapo ndipo mahali pangu kisheria.

Ukaja mtihani wa muhula. Mwalimu aliyekuwa akisimamia, mama mmoja mpole asiyependa matatizo, aliniletea karatasi yangu kama mtu anayeleta zawadi ya harusi.

"Maandishi makubwa," akasema. "Na muda wa ziada pia utapata."

Ni kweli yalikuwa makubwa. Mashine ya fotokopi ilikuwa imeyakuza vizuri mno, ila karatasi ilibaki ileile, hivyo mwisho wa kila mstari ulikuwa umeangukia nje. Swali la kwanza lilisema: "Eleza dalili za ndigana". Basi. Sasa kuna ndigana kali na kuna ndigana baridi, na mtoto yeyote wa mfugaji anajua kwamba hayo ni magonjwa mawili tofauti ya ng'ombe.

Nikanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Ndigana ipi?"

"Soma swali."

"Nimelisoma mpaka karatasi ilipoishia."

Akainama, akatazama. "Maandishi si makubwa?"

"Makubwa sana, mwalimu."

"Basi sheria imefuatwa. Jibu unavyoweza."

Nikajibu ndigana zote mbili, na kwa maswali mengine nikawa mganga wa ramli. Ule muda wa ziada ulinisaidia sana: nilipata nafasi ya kubahatisha bila haraka.

Nilifeli. Sitasema sikuumia. Nilikaa bwenini nikiwaza kumpigia baba simu aje anichukue, yeye ambaye tangu mwanzo aliuliza kwa nini mtu apande mlima kwenda kusomea ng'ombe waliopo nyumbani. Lakini hasira ilinizidi aibu, nikaichukua ile karatasi nikaenda nayo ofisini kwa mkuu.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, kijana wetu! Unaonaje huduma zetu?"

"Naomba unisomee swali la tatu, kwa sauti."

Akavaa miwani yake. "Mfugaji ana ng'ombe mwenye mimba ya..." Akaigeuza karatasi, akatafuta mimba ilikoendelea. Nyuma kulikuwa kweupe. Akairudisha, akaanza upya, kana kwamba mara ya pili sentensi ingemhurumia.

Akamwita katibu muhtasi. Dada yule aliitazama karatasi kidogo tu, akasema, "Si ingelazwa tu kwa upana, mkuu? Maneno yangeenea."

Ndicho kilichofanyika. Walilaza karatasi, nikarudia mtihani, nikasoma kila swali mpaka mwisho. Yale niliyoyajua niliyajibu, na nisiyoyajua safari hii sikuyajua kwa haki, kama wenzangu.

Kesho yake asubuhi, kwenye mstari, mkuu alitangaza kwamba chuo kimebuni mbinu ya kisasa ya kuwahudumia wenye uoni hafifu, na kwamba vyuo vingine vinakaribishwa kuja kujifunza. Wenzangu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu. Ningefanyaje? Matokeo yangu yalikuwa bado hayajatoka.