Jani la Sale Kileleni

Kati yetu wapagazi wa Bwana Mpimaji, yule wa kijiji cha Kikwe ndiye aliyebeba sanduku la darubini kichwani, na akikuta tawi la chini alikunja magoti, shingo haiinami. Njia ya kupanda Mlima Meru upande ule haikuwapo. Alitangulia na panga, na kila alipokata tawi alisema, "Samahani, mzee," kisha akacheka puani. Mikono yake ilijaa mikwaruzo. Lakini jani moja la sale alilolificha kifuani halikuguswa na mwiba. Penye miiba alipita kiubavu, kiganja juu ya shati, kama aliyebeba yai.

Siku ya tatu tukafika kileleni, mahali pa juu kuliko pote wilayani, tukakuta ukungu mtupu. Bwana akasema ukungu usipoondoka kufikia saa sita tutashuka, kazi imeharibika. Mpagazi yule wa Kikwe akatua sanduku, akalitoa jani, akaliweka juu ya jiwe kwa mikono miwili, kama Wameru wanavyomwendea jirani waliyemkosea. Na anayeletewa sale hakatai kusamehe. "Mzee, tumekukatia matawi mengi mno," akauambia mlima. "Tusamehe." Tukangoja. Upepo ukageuka, ukungu ukapasuka, na Kilimanjaro ikajitokeza nzima, nyeupe juani. Tulipiga kelele kama watoto! Bwana akakimbilia darubini. Mpagazi akamshika mkono, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Kwanza umwambie mzee asante, Bwana. Halafu upime."

Bwana akavua kofia.