Siku Sitini za Agneta Kitandani

Agneta Wakoli aliwahi kulala kitandani siku sitini bila ugonjwa wowote. Ilikuwa Ujerumani, alikokwenda kusomea kazi ya kutunza wazee, akiwa na miaka ishirini na tisa. Kituo kimoja cha utafiti kilitafuta watu wenye afya wakubali kulazwa, kitanda kikiwa kimeinamishwa upande wa kichwa, ili wataalamu waone mwili unakuwaje ukiacha kubeba uzito wake, kama unavyoacha kwa wanaanga wakikaa miezi huko juu. Agneta alipimwa damu, moyo na mifupa, akakubaliwa.

Hakukuwa na mto. Hakukuwa na kuketi, hata kwa kula. Bega moja lilitakiwa liguse godoro kila wakati. Alioga akiwa amelala, na haja vilevile. Wiki ya kwanza damu ilimpanda kichwani, uso ukavimba, mgongo ukauma kama unaovutwa. Kila siku kwa nusu saa alihamishiwa kwenye mtambo uliomzungusha, kichwa kikiwa katikati na miguu nje, ili damu isukumwe kuelekea nyayoni. Mhandisi mmoja alimweleza kwamba ndani ya chombo cha angani kila kilo inagombaniwa. Mtambo mzito kama ule hautabebwa mpaka ijulikane unasaidia.

Siku ya sitini na moja walimsimamisha. Akazirai. Alipozinduka wakamsimamisha tena, wawili wakimshika, na nyayo zikamchoma kama anakanyaga kokoto. Miguu ilikuwa imekonda hadi suruali ikampwaya. Walimzoeza kutembea kwa wiki mbili, na tangu hapo hakutulia tena. Ndani ya basi alisimama hata viti vikiwa vitupu. Darasani alikaa nyuma ili aweze kuinuka bila kusumbua wenzake. Nyumbani hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata kaka yake, Wekoye, alimpigia simu kutoka Bokoli, kijijini kwao Kenya. Mama yao, Wakonyo, alikuwa ameteleza uani akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji hospitalini Kitale, akawekewa chuma, akarudishwa nyumbani. Agneta alikuwa amebakisha mtihani mmoja. Aliufanya, akakata tiketi.

Alimkuta mama amelala chali katika chumba cha mbele, wiki ya tano sasa. Majirani walimlisha uji kwa kijiko. Watu wa kanisa walikuja kuomba. Kila mtu alimwambia apumzike, na mwanamke huyo aliyekuwa akipalilia mahindi ekari mbili kwa jembe alikuwa ametii. Agneta alifunua blanketi, akaishika miguu ya mama. Aliijua. Yake mwenyewe ilikuwa hivyo hivyo siku ile waliyomsimamisha.

Barua ya hospitali ilisema mgonjwa aanze kusimama kwa fremu, ile ya chuma ya kushikilia, siku ya pili baada ya upasuaji. Fremu ilikuwa nyuma ya kabati, bado na nailoni yake.

"Alijaribu mara moja, akalia," Wekoye alisema. "Mimi siwezi kuona mama akilia."

"Kwa hiyo mkamwacha."

"Tulimpumzisha. Si ndivyo mgonjwa hufanyiwa? Wewe umekuja juzi, ati mama asimame. Akianguka tena, wewe utarudi Ujerumani na mimi nitabaki naye hapa."

Agneta alitoka, akazunguka boma mara tatu, kesho yake akaenda Kitale na ile barua. Kigen, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliisoma, akamwambia bado hawajachelewa, ila waanze polepole: mama aketi kwanza, miguu ining'inie.

Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia mama yale ya Ujerumani. Wakonyo alisikiliza hadi mwisho.

"Na uliposimama?"

"Nilianguka."

"Ukalia?"

"Nililia, mama. Halafu wakaniinua tena."

Wakonyo alielekeza kidole kwenye fremu nyuma ya kabati. "Basi nipe hiyo chuma."

Siku ya kwanza aliketi tu, akatapika kwa kizunguzungu. Siku ya nne alisimama hadi Agneta akahesabu kumi. Wekoye alikuwa amesimama nyuma yao, mikono wazi. Wiki ya tatu alianza kumshika mama upande wa pili bila kuitwa. Kufikia mwezi wa saba wa mazoezi Wakonyo alikuwa anafika jikoni peke yake, akichechemea. Shamba hajarudia, na Kitale walimwambia huenda asirudie. Jambo hilo humkasirisha kila asubuhi.

Ripoti ya utafiti ilikuja kwa barua pepe. Ilisema kwamba tofauti kati ya waliozungushwa na wasiozungushwa haikutosha kuamua, na kundi jingine litatafutwa. Agneta aliisoma akitembea kutoka mlangoni hadi getini, akarudi, akaisoma tena.

Tiketi ya kurudi aliiahirisha mara mbili, ikaisha muda. Sasa anafanya kazi katika wodi moja Kitale, chini ya Kigen, akiinua watu waliofanyiwa upasuaji. Wauguzi wanalalamika kwamba Agneta hawaachi wagonjwa walale. Wekoye humuuliza kama atakaa. Yeye husema hajui, na ni kweli hajui.

Jumamosi huja Bokoli. Jumamosi iliyopita alikuwa anapita kati ya jiko na bomba, jiko na bomba, hadi mama akachoka kumwangalia.

"Agneta, keti basi."

Aliketi. Chai ilikuwa bado ya moto alipoinuka.