Sauti ya Tabaka la Nne

Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya nyumba tuliyoachiwa na wazazi, huku mtaani Kikula, ukuta kwa ukuta na jiko la jirani. Ndani nimetundika mablanketi ya zamani ili sauti isirudi. Kuna kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshatumika, kinanda kisicho na sauti yake chenyewe, spika mbili, na kiti kimoja cha mgeni. Kwaya za parokia huja kutengenezewa muziki hapo. Mpiga kinanda ni mimi, fundi ni mimi, na mwenye kufagia ni mimi.

Kinanda hicho hupata sauti zake kutoka kwenye programu ya kompyuta. Kazi ya programu ni kupanga vyombo kwa matabaka. Unaweka piano chini, juu yake fidla, juu yake filimbi, halafu unabonyeza kitufe kimoja na vyote vinalia pamoja kana kwamba ni chombo kimoja. Matabaka yako manne. Matatu nilikuwa nayabadilisha kila kwaya ilivyotaka. La nne lilikuwa la mama.

Mama alikufa nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Baba alikuwa ametangulia. Nilikunja vitabu nikaenda kuuza unga sokoni, na wadogo zangu wakabaki shuleni. Wa mwisho alikuwa hajaanza hata kutembea. Sisi wengine tulibaki na mama kichwani. Yeye hakubaki na kitu. Alipokuwa mdogo aliwahi kuniuliza mama alikuwa anaongea namna gani, kwa sauti nzito au nyembamba. Nilijaribu kumwigizia, na kila nilipojaribu nilijisikia mimi tu.

Kilichokuwepo ni kaseti. Siku moja mtu aliirekodi kwaya ya akina mama kanisani kwa redio ndogo, na katikati ya wimbo wanawake wote wananyamaza, sauti moja inaitikia peke yake: noti tano ndefu zinazopanda taratibu. Sauti hiyo ilikuwa ya mama. Ndivyo nilivyojua siku zote. Kabla redio haijaitafuna ile kaseti niliwahi kuiingiza kwenye kompyuta. Nikazikata noti moja moja, nikazipa majina yale yale tunayotumia kwenye kwaya, do, re, mi, fa, so, nikaziweka kwenye tabaka la nne. Tangu hapo nikibonyeza, mama anaitikia. Alikuwa anatokea nyuma ya mvumo wa kaseti, kama mtu anayeimba upande wa pili wa mvua.

Mdogo wangu wa mwisho alipochumbiwa, aliniomba kitu kimoja mimi yaya wake, dada yake mkubwa.

"Yaya, minye sitaki keki ya gorofa tatu. Sitaki motokari na maua. Siku ya ndoa, pa kuingia kanisa, mama aniite. Njo ile tu."

Ndilo hilo tu alilotaka. Nilimwahidi.

Mwanzoni mwa mvua programu ilileta toleo jipya. Ujumbe wake, kwa Kifaransa, ulisema kwamba matabaka yatafunguka haraka zaidi na kwamba makosa kadhaa yamerekebishwa. Nililipakua kwa simu asubuhi, mtandao ukiwa bado mwepesi. Nikafungua mpangilio wangu. Taa ndogo za matabaka yote manne zilikuwa za kijani. Nikabonyeza do.

Mvumo haukuwepo. Mama aliimba pale pale, mbele ya kiti cha mgeni, karibu sana, hata nikasikia ulimi wake ukiachana na meno. Niliondoa kidole kana kwamba nimegusa sufuria ya moto. Nikajaribu re. Akaimba re, mzima, bila kikohozi wala mikwaruzo.

Nilitoka nikasimama juani. Jirani yangu alikuwa anasonga bukari. Aliniuliza ni nani ule anaimba ndani.

"Hakuna muntu."

"Hakuna muntu, na anaimba hivi? Basi weye uko na bahati, muimbaji bila kula!" Akacheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi.

Nilijiambia kwamba ujumbe ulishasema: makosa yamerekebishwa. Labda na huo mvumo ulihesabiwa kuwa kosa. Sikuandikia mtu. Nani anaandika barua kulalamika kwamba mama yake amesogea karibu?

Wakati huo alifika mama mmoja mzee, wa mwisho aliyebaki kati ya waimbaji wa kaseti ile. Alisimama bega kwa bega na mama miaka mingi, na hata leo huwa ananitazama kwanza usoni kabla ya kunisalimia, kama anayetafuta mtu mwingine humo. Nilimkalisha kwenye kiti, nikampigia noti zote tano. Alifumba macho.

"Njo yeye," alisema. "Njo yeye kabisa. Lakini amekuwa kijana."

"Kijana namna gani, mama?"

"Vile alikuwa mbele, kabla ya kukuzaa weye." Akajifunika kitenge mabegani ingawa joto lilikuwa kali. "Mutoto wangu, muntu wa kufa akianza kurudi kijana, anatafuta nini?"

Alisimama, akakigeukia kiti alichokuwa amekalia, akakipangusa kwa kiganja polepole, kama unavyompangusia kiti mtu anayefuata. Kisha akatoka bila kuniaga.

Baada ya hapo nilihamisha meza. Sikutaka tena kufanya kazi kile kiti kikiwa mgongoni kwangu. Nilikiweka mahali ninapokiona, na hiyo nayo haikusaidia, kwa sababu sasa nilikuwa nakiona. Waimbaji wa kwaya za siku hizi walikuja kusikiliza, wakatikisa vichwa, wakanong'ona, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa.

Mdogo wangu alikuwa Lubumbashi akisomea uuguzi. Alirudi wiki chache kabla ya ndoa, gauni likiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hakungoja hata maji ya kunywa. "Nisikilizishe." Nikabonyeza do, re, mi. Nilipofika mi aliweka mkono kooni.

"Yaya, zima."

"Kuna nini?"

"Ule muntu anavuta pumzi pale minye navuta. Niko nasikia mu shingo yangu."

"Kawaida ile. Weye mutoto wake."

"Mutoto anafanana. Ile haifanani." Aliniomba nibonyeze re tena, akaimba pamoja nayo. Nilikuwa nimesimama kati ya mdomo wake na spika, na sikuweza kusema nani anaishia wapi. Akanyamaza kabla sijaondoa kidole, na sauti yake ikaendelea kutoka kwenye spika. "Unaona?" alisema. "Ile ni minye."

Siku hiyo ndipo nilipowaandikia watu wa programu. Kuna mahali pa kuomba msaada. Unaeleza tatizo na mtu anakujibu kutoka asikojulikana. Kifaransa changu kiliishia pale shule yangu ilipoishia, lakini nilieleza kila kitu: kaseti, tabaka la nne, mama mzee na kiti. Baadaye niliona aibu kwa hilo la kiti, ila nilikuwa nimeshatuma.

Jibu lilikuja kesho yake. Kuhusu kiti hakusema kitu. Aliniuliza kwa adabu kama niliwahi kuhamisha mafaili yangu, na kama kwenye kompyuta yangu kuna mafaili mengine yenye majina hayo hayo.

Yalikuwepo. Kompyuta ilipojaa, mafaili ya kaseti nilikuwa nimeyahamishia kwenye diski ya nje. Na katika kiangazi, nilipopata mikro mpya ya kurekodia sauti, nilimkalisha mdogo wangu, aliyekuwa likizoni, kwenye kile kile kiti cha mgeni ili niijaribu, nikamwambia aimbe noti tano. Nikazihifadhi kama ninavyohifadhi kila kitu, kama mtu yeyote aliyelelewa na kwaya: do, re, mi, fa, so.

Mtu wa msaada alieleza kwamba toleo jipya likikosa faili mahali pake, linatafuta kompyuta nzima, likipata jina lile lile linalichukua bila kuuliza. Wengine walikuwa wamekuta ngoma mahali pa piano. Aliomba radhi, akasema toleo lijalo litauliza kwanza, akanionyesha namna ya kulielekeza tabaka kwenye diski. Mwisho aliniomba nimtumie yale mafaili matano ya kaseti, ajaribu kwake.

Mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe marehemu ni minye! Mama muzee alinipangusia kiti, minye muzima, niko Lubumbashi nakula mukate!"

Nilicheka naye. Nilituma mafaili, nikaunganisha diski, nikalielekeza tabaka. Mvumo ukarudi, na nyuma yake sauti ile ya zamani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Nilimwita mama mzee aje asikie kwamba hakuna mzimu, kuna faili tu. Alisikiliza mlangoni, hakuingia.

"Ule ni nani?"

"Mama yetu. Wa kweli, wa kaseti."

"Hapana." Hakufikiri hata kidogo. "Minye nilisimama karibu yake. Ule wa kwanza njo alikuwa yeye. Huyu simujui."

Alipoondoka nilizima spika. Kaseti haikuwepo tena ili niisikilize upya. Na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sauti ile peke yake ni ya mama; nilijua tu, kama mtoto anavyojua. Kwaya ilikuwa na wanawake wengi. Huenda miaka yote hii nilikuwa nimemweka mwanamke wa watu kwenye tabaka la nne, na kumwita mama, na kumfundisha mdogo wangu kumwita mama. Afadhali mzimu. Mzimu angalau ungekuwa wa kwetu.

"Tupige ile ya kijana," nilimwambia mdogo wangu. "Bantu wote banasema njo yeye."

Alikuwa anashona shanga kwenye gauni. Hakuinua kichwa. "Siwezi kuingia kanisa naitwa na sauti yangu mwenyewe, yaya. Kama mama hayuko, wacha kinanda kinyamaze."

Siku zilizofuata nilikaa na zile noti tano, nikitafuta ndani yake kitu ambacho ni cha mama na si cha mwingine. Kadiri nilivyosikiliza ndivyo mwanamke yule alivyozidi kuwa mgeni. Ilifika mahali nikawa natoa mkono kwenye kinanda na bado namsikia, nyuma ya mablanketi, akishikilia noti.

Wiki ya ndoa ilipoanza, ujumbe wa pili ulifika kutoka kwa mtu wa msaada. Mafaili yalifanya kazi vizuri kwake, alisema. Kuna jambo dogo tu: mwishoni mwa so kuna pumzi mbili. Moja ya mwimbaji, nyingine ya mtu mdogo zaidi, aliye karibu naye sana. Kama inanisumbua, angenieleza namna ya kuiondoa.

Nilivaa spika za masikioni. Nikabonyeza so, nikashikilia hadi mwisho. Sauti ya mwanamke ilikatika. Mvumo ukabaki. Na ndani ya mvumo, kitu kilivuta hewa kwa shida, kwa kifua kilichoziba, kikaiachia.

Nilikumbuka mlango wa kanisa. Siku ile ya kurekodi mwongozaji wa kwaya alisema watoto wote wabaki nje, na akina mama wakatukabidhi wachanga wao, sisi wasichana wakubwa tuliokuwa tunangoja mlangoni. Nilisogea kumchukua wetu. Mama alikataa kwa kichwa: mtoto alikuwa na kifua, hakutaka apigwe na upepo. Akaimba naye mgongoni. Wasichana wenzangu wote walikuwa wamebeba. Mgongo wangu peke yake ulikuwa mtupu; ndani alibaki mtoto mmoja tu, wetu.

Nilimjibu yule mtu kwamba asiguse kitu, na kwamba namshukuru. Mdogo wangu nilimwambia maneno machache tu: "Ni mama. Sasa najua."

"Unajua namna gani?"

"Utasikia."

Jumamosi niliweka kompyuta na kinanda karibu na kwaya, nikaviunganisha na spika kubwa za kanisa. Mama mzee alikaa benchi la mbele, mkoba magotini, hanitazami. Milango ilifunguliwa. Mdogo wangu alisimama kizingitini, mkono kwenye kiwiko cha mdogo wangu mwingine, wa kiume, na mimi nikazima piano, fidla na filimbi, nikaacha tabaka la nne peke yake.

Mvumo ulijaa hadi dari. Do. Re. Alianza kutembea. Watu walitazamana, sauti ilikuwa nzito, ngeni, haikuwa ile ya kijana waliyoambiwa. Mi. Fa. Niliiacha so iende hadi mwisho wake.

Sauti ilikatika, na katika spika zile kubwa pumzi ya mtoto ikatoka pana, yenye kukoroma, ikapita juu ya mabenchi yote. Watu waligeuka. Akina mama walitazama migongoni mwa wenzao, chini ya mabenchi, kwenye pembe, wakimtafuta mtoto aliyeumwa kifua. Hapakuwa na mtoto. Mama mzee peke yake hakugeuka. Alikuwa ameshika mdomo.

"Mama yenu alimukatalia muongozaji," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwangu. "Ule mutoto. Alikataa kumushusha mu mugongo."

Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya kanisa. Kiganja chake kilikuwa kifuani, na mabega yake yalikuwa yamepanda, kama mtu aliyevuta hewa na anangoja ruhusa ya kuiachia. Alinitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, nikabonyeza do tena, naye akaja.